Pikapu au shangingi: bei ya tani usiyoibeba

Katika matangazo ya magari nchini Uswidi, pikapu ya dabo kebini kama Toyota Hilux mara nyingi huonekana nafuu kuliko shangingi la ukubwa ule ule, na sehemu ya unafuu huo haihusiani kabisa na chuma wala injini. Sheria ya kodi huihesabu pikapu kuwa lori jepesi. Kampuni inayoinunua kwa shughuli zake hurudishiwa VAT ya asilimia 25, jambo ambalo halifanyiki kwa gari la abiria, ndiyo maana wauzaji hupenda kuandika bei ya pikapu bila VAT. Ile iliyotangazwa kwa krona 400,000 itamtoa mkazi wa Alby, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, anayelipa kwa mshahara wake, krona 500,000. Kisha inakuja kodi ya mwaka. Kwa kanuni zilizoanza Juni 2022, gari jipya linalotoa hewa ya ukaa kwa wingi hutozwa zaidi katika miaka mitatu ya kwanza: juu ya msingi wa krona 360, kila gramu kati ya 75 na 125 kwa kilomita ni krona 107, na kila gramu inayozidi hapo ni krona 132. Dizeli ina nyongeza yake. Pikapu ya dizeli inayotoa gramu 250 hufikia krona 25,800 hivi kwa mwaka. Miaka mitatu ikipita, kodi hushuka hadi karibu krona 7,000. Shangingi la dizeli lenye moshi kama huo nalo halisalimiki. Anayepona ni mwenye shangingi la kuchaji umeme linalotoa chini ya gramu 75, au aliyesubiri akanunua gari la mwaka wa nne.

Hoja yangu ni kwamba bei ya pikapu haipimwi kwa gari zima bali kwa kilo zinazobebwa kweli kweli. Gari hili limeundwa kubeba mzigo wa tani moja hivi, na mzigo huo usipokuwepo, kila kilichowekwa kwa ajili yake hugeuka kero. Nyuma ya Hilux kuna springi za vyuma bapa vilivyolaliana. Bodi ikijaa, uzito unaokalia ekseli ya nyuma huwa karibu maradufu, kwa hiyo springi hizo lazima ziwe ngumu. Bodi ikiwa tupu hakuna cha kuzikandamiza: gurudumu likigonga tuta la barabara ya mtaani, ekseli nzima pamoja na difu yake hurushwa juu, na kwa muda mfupi tairi hukanyaga lami kwa nguvu kidogo tu. Land Cruiser Prado nayo ina chesi na ekseli ngumu nyuma, lakini imewekewa springi za mviringo zilizo laini zaidi, kwa sababu uzito wa familia haubadiliki sana kati ya safari moja na nyingine.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye foo-wili, na hapa ndipo watu wengi huuziwa jina. Hilux nyingi hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma pamoja, bila difu ya katikati. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au theluji nzito tofauti hiyo huishia kwenye kuteleza. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, inabaki kuwa mkazo ndani ya shafti na gia. Sasa majira ya baridi ya Alby si theluji tupu. Barabara kuu ya E4 imekwanguliwa na kutiwa chumvi, njia ya kuingia maegesho ina barafu, na katikati kuna vipande vya lami iliyokauka. Dereva wa pikapu ya aina hiyo, akifuata maelekezo, huendesha sehemu kubwa ya njia hiyo kwa magurudumu mawili ya nyuma, tena yasiyo na uzito juu yake. Prado ina difu ya katikati, hivyo huendeshwa kwa magurudumu manne wakati wote. Volvo XC90, iliyoingia sokoni 2002, ilitumia klachi ya Haldex, kazi ya kampuni ya Uswidi iliyokuwa na kiwanda Landskrona, inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma pale inapohitajika. Kwa msimu wa namna hii, kifaa hicho kina thamani kuliko gia ya chini ya kupandia mawe.

Hata hivyo foo-wili ya aina yoyote husaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Kwenye barafu mshiko wa tairi unaweza kushuka hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wa gari. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, breki hapo zinahitaji karibu mita 98. Kwenye lami kavu, mita 12 au 13. Uzito wa gari hauingii katika hesabu hiyo, maana unaongeza mshiko na msukumo kwa kiwango kile kile. Matairi mazuri ya baridi, ambayo sheria huyadai kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara ikiwa na hali ya baridi, yana maana kuliko tofauti yote ya bei tunayoizungumza.

Wapo wanaosema gari zito na refu ni kinga dhidi ya älg, mnyama wa jamii ya kulungu anayeweza kufikia nusu tani na ambaye huvuka barabara za Uswidi bila taarifa. Kimo kinasaidia kwenye kugonga. Kwenye kukwepa kinaumiza. Uthabiti wa gari hukadiriwa kwa kugawa nusu ya upana kati ya magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito: magari madogo hupata 1.3 hadi 1.5, mashangingi na pikapu 1.0 hadi 1.3. Jarida la Teknikens Värld, ambalo hujaribu kukwepa huko gari likiwa limepakiwa, liliona Hilux ikinyanyua magurudumu ya upande mmoja mwaka 2007 na tena 2016; Toyota ikafanya marekebisho. Mashangingi nayo hayana kinga ya asili, kwani Jeep Grand Cherokee ilishindwa mwaka 2012.

Pingamizi zito zaidi ni la fundi ujenzi: yeye hubeba saruji na huvuta trela. Kwake VAT inarudi, springi zinapata kazi, na hoja yangu inamwacha salama. Lakini uwezo wa kuvuta tani 3.5 unaopamba matangazo hautumiki kwa leseni ya kawaida ya daraja B. Gari lenye uzito wa juu ulioruhusiwa wa kilo 3,200 litavuta kwa leseni hiyo trela nyepesi ya hadi kilo 750. Kwa daraja B lililopanuliwa hadi kilo 4,250, trela ya kilo 1,050. Kinachozidi hapo kinadai leseni ya BE. Kuegesha nako ni kazi, kwa kuwa dabo kebini ina mita 5.3 hivi, wakati nafasi nyingi za maegesho zimechorwa kwa mita 5.

Na yule anayewaza kulitumia gari miaka michache kisha alipeleke nyumbani Afrika? Uswidi ilihamia upande wa kulia wa barabara Septemba 3, 1967, na usukani wa magari yake uko kushoto. Kenya haipokei magari ya kawaida ya usukani huo, wala yaliyozidi miaka minane, na Tanzania nayo huendesha upande wa kushoto wa barabara. Mkongomani wa Alby mwenye ndugu Goma au Bukavu, ambako watu hupita kulia, yuko kwenye hesabu tofauti: pikapu iliyotoka kwenye miaka mitatu ya kodi kubwa, yenye springi za bapa ambazo fundi wa kule anaweza kuongeza jani moja kwa nyundo na boliti, itabebeshwa tani yake siku ya kwanza tu ikifika.