Tasnifu ya Mwaka wa Mwisho: Mzigo Usioonekana Nyumbani



Tangu mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vilipotoka katika daraja ya vyuo vishiriki vikawa vyuo vikuu kamili, watoto wetu wengi husomea shahada karibu na nyumbani. Twala nao, twalala nao, nasi twadhani hali zao twazijua. Lakini ufikapo mwaka wa mwisho, mwanafunzi hukabiliwa na kazi isiyofanana na mtihani: yeye mwenyewe huchagua mada, hukusanya data, kisha huandika chini ya msimamizi. Hakuna kengele wala darasa. Hapo nafsi yake hupimwa kabla ya elimu yake.

Binti mmoja wa mtaani kwetu alinijia pamoja na mamake. Hojaji zake zote zilikwisha jazwa, zimo ndani ya bahasha, lakini kwa miezi mitatu hakuandika hata ukurasa mmoja. Nikamwuliza sababu.

"Sheikh, msimamizi alinirudishia sura ya kwanza imejaa wino mwekundu. Tangu siku ile, nikimwona napita njia nyingine."

Mamake alimdhania mvivu. Kumbe alikuwa na haya.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake huathiri kama ataianza kazi ngumu na atavumilia kwa kadiri gani. Imani hiyo hukuzwa na mafanikio madogo yaliyotangulia, kuwaona wenzake wakiweza, na maneno ya kutiwa moyo. Hofu huidhoofisha.

Yako na mengine: mada aliyochaguliwa na wengine, kutaka kila sentensi itimie mara ya kwanza, na kazi za nyumbani, hasa kwa mabinti ambao huitwa jikoni kila wafunguapo kitabu.

Enyi wazazi, tusiulize kila siku, "Utamaliza lini?" Tuulize, "Leo umeandika nini?" Nawe mwanafunzi, mrudie msimamizi wako hata kwa ukurasa mmoja. Wino mwekundu husahihisha maandishi, haumhukumu mwandishi.

Tulikubaliana binti yule aandike ukurasa mmoja kila siku baada ya sala ya alfajiri, na mamake akajitwika vyombo vya asubuhi. Wiki ya pili akapiga moyo konde, akabisha hodi kwa msimamizi wake.

Akaambiwa, "Karibu. Nilikuwa nikikungoja."