Usalama Jikoni (3): Kumpika Bata Mzinga Mzima

Bata mzinga ni ndege wa asili ya Amerika Kaskazini, na wenyeji wa Meksiko walikuwa wakimfuga kabla Wazungu hawajafika huko. Nchini Marekani ndiye kitoweo kikuu cha Sikukuu ya Shukrani, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Afrika Mashariki wapo wanaomfuga na kumchinja wakati wa Krismasi. Popote anapopikwa mzima, ugumu wake ni mmoja, nao ni ukubwa. Moto huanza kuipata ngozi, kisha joto hupenya nyama polepole, na sehemu za mwisho kufikiwa ni maungio ya mapaja na uvungu wa tumbo. Ngozi yaweza kuiva vizuri na kidari kikaanza kukauka, huku nyama iliyogusana na mfupa wa paja ingali mbichi. Kwa hiyo njia ya kupika ni salama inapofikisha joto la kutosha hadi ndani kabisa bila kuchelewa. Ni ya hatari inapoiacha nyama ikiwa vuguvugu kwa saa nyingi, au inapomweka mpishi mwenyewe katika hatari ya moto.

Nyama mbichi ya ndege huweza kubeba bakteria wa salmonela na kampilobakta, ambao huleta homa, maumivu ya tumbo na kuhara. Bakteria wa chakula huzaana upesi kati ya nyuzijoto 4 na 60 za Selsiasi. Chini ya kiwango hicho hudumaa bila kufa. Wengine, kama stafilokoka, hutoa sumu isiyoharibika hata nyama ikichemshwa baadaye, na ndiyo sababu moto mkali wa mwisho hauwezi kukiokoa chakula kilichokwisha kukaa vuguvugu mchana kutwa. Kiwango kinachotakiwa na Idara ya Kilimo ya Marekani kwa nyama yoyote ya ndege ni nyuzijoto 74. Nyama ikifika hapo ndani kabisa, salmonela na kampilobakta hufa papo hapo.

Usalama huanza siku kadhaa kabla ya kuwasha moto. Bata mzinga wa dukani mara nyingi huuzwa akiwa ameganda kama jiwe. Njia bora ya kumyeyusha ni kumweka ndani ya friji, kwenye trei itakayopokea maji yanayodondoka, na kuhesabu siku moja kwa kila kilo 2 hivi. Mwenye kilo 6 huhitaji siku 3. Akishayeyuka anaweza kukaa humo siku 1 au 2 kabla ya kupikwa. Anayehitajika mapema huzamishwa katika maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na maji hubadilishwa kila baada ya dakika 30. Kila kilo huchukua zaidi kidogo ya saa moja, kisha apikwe bila kungojea. Kumwacha juu ya meza usiku kucha ni kosa, kwa sababu nje hupata joto la chumba na bakteria wakaanza kuzaana ilhali ndani bado ni barafu. Maji ya moto huleta madhara yaleyale.

Wapishi wengi wamezoea kuosha kuku na bata kabla ya kupika. Kuosha hakuondoi bakteria, bali huwatawanya, kwa maana matone huruka hadi kwenye kachumbari, vyombo na nguo. Inatosha kumkausha ndege kwa karatasi safi, kutoa kifuko cha shingo, maini na firigisi ambacho mara nyingi huwekwa ndani yake, kisha kunawa mikono kwa sabuni na kusafisha ubao na kisu.

Njia iliyo rahisi kusimamiwa ni kuoka ndani ya oveni. Joto lake lisipungue nyuzijoto 163. Ndege hulazwa chali kwenye chombo kipana chenye kina kifupi ili hewa ya moto imzunguke. Asiye na mjazo, mwenye kilo 4 hadi 5, huhitaji kama saa 3. Wa kilo 7 au 8 huhitaji kama saa 4. Wa kilo 10 hukaribia saa 5. Kidari kikianza kuungua kabla ya paja kuiva, hufunikwa kwa foili. Hata aliyeganda anaweza kuokwa hivyo, mradi muda uongezwe kwa nusu yake, yaani saa 4 ziwe 6.

Hata hivyo, saa ni makadirio tu. Rangi nayo hudanganya, kwani nyama iliyoiva yaweza kubaki na wekundu kidogo, na isiyoiva yaweza kuonekana nyeupe. Shahidi wa kutegemewa ni kipimajoto cha chakula. Ncha yake hudungwa sehemu nene ya kidari, ndani ya paja na ndani ya bawa, bila kugusa mfupa. Pote pasomeke angalau nyuzijoto 74. Kisha ndege huachwa atulie dakika 20 kabla ya kukatwa, ili maji ya nyama yasimwagike.

Mjazo wa mkate, vitunguu na viungo ni salama zaidi ukipikwa kwenye chombo chake. Ukiwa ndani ya ndege hunyonya maji ya nyama mbichi, na ndio unaochelewa kuliko vyote kupata moto. Anayetaka kuujaza aujaze dakika chache kabla ya kuoka, usishindiliwe, nao upimwe katikati hadi ufike nyuzijoto 74. Kujaza tangu jana yake na kumhifadhi ndege hivyo ni hatari.

Kubanika kwa mkaa au kwa moshi ni salama ikiwa ndege ameyeyuka kabisa, hana mjazo, na yumo katika jiko lenye kifuniko ambalo joto lake hudumishwa kati ya nyuzijoto 107 na 149. Penye jiko la mkaa la kawaida tu, ambapo moto hupaliwa juu ya kifuniko cha sufuria, ni vigumu kuhakikisha kwamba ndege mkubwa ameiva hadi mfupani. Hapo ni afadhali kumkata vipande kwenye maungio, kuvichemsha hadi viive barabara, kisha kuvikaanga au kuvibanika papo hapo. Kipande kidogo huiva upesi na ni rahisi kukikagua.

Njia inayojeruhi wapishi ni kumtumbukiza ndege mzima katika mafuta yanayochemka. Tone la maji likigeuka mvuke huongezeka ukubwa takriban mara 1,700. Bata mzinga mwenye barafu akiingia katika mafuta ya nyuzijoto 177, mvuke huo hulipuka, mafuta hufurika na kuangukia moto ulio chini. Shirika la kuzuia moto la Marekani, NFPA, linapinga matumizi ya majiko ya gesi ya kukaangia bata mzinga, na takwimu zake zinaonyesha kuwa Sikukuu ya Shukrani ndiyo siku yenye mioto mingi zaidi ya upishi majumbani nchini humo. Anayeamua kukaanga achague ndege asiyezidi kilo 5 hivi, aliyeyeyuka na kukaushwa ndani na nje. Jiko liwe nje, mahali tambarare, mbali na nyumba na watoto. Kiasi cha mafuta kipimwe mapema kwa maji, kisha sufuria ikaushwe. Mafuta yakishika moto kamwe yasimwagiwe maji.

Zipo pia njia za kale za kuepukwa kabisa. Kuoka usiku kucha kwa nyuzijoto 90 hivi humweka ndege vuguvugu kwa muda mrefu mno. Mfuko wa karatasi wa dukani haukutengenezwa kwa ajili ya oveni; unaweza kushika moto na kutoa moshi wenye sumu. Kupika nusu leo na kumalizia kesho huwapa bakteria usiku mzima wa kuzaana.

Hatari haiishi baada ya kuiva. Bakteria wa klostridia hutengeneza mbegu zinazostahimili joto la kupikia, na mbegu hizo huamka nyama inapopoa polepole. Kwa hiyo masalio yaondolewe kwenye mifupa na kuwekwa frijini katika vyombo vya kina kifupi ndani ya saa 2, au saa 1 ikiwa joto la hewa linazidi nyuzijoto 32. Yaliwe ndani ya siku 3 au 4, au yagandishwe, na kila yanapopashwa moto yafikishwe tena nyuzijoto 74.