Je, Wajua? Nyangumi Huokolewa kwa Kura

Je, wajua kuwa chombo kinachozuia biashara ya kuwinda nyangumi duniani kiliundwa na wawindaji wenyewe? Mkataba uliotiwa saini Washington tarehe 2 Desemba 1946 haukuandikwa kwa huruma. Wenye meli waliona nyangumi wanaadimika, na mafuta yao ndiyo yaliyokuwa yakitengeneza sabuni na majarini. Wakakubaliana kuvua kwa kiasi ili biashara isife. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, iliyozaliwa na mkataba huo, ilikuwa klabu ya wavuvi. Watetezi wa nyangumi waliingia baadaye kwa mlango uleule, wakaketi, wakahesabu kura. Ugomvi wote unaosikika hadi leo umetokana na hapo.

Je, wajua Tume hiyo ilikuwa na kipimo chake cha ajabu? Badala ya kuweka kikomo kwa kila aina, ilihesabu kila kitu kwa nyangumi wa buluu. Buluu mmoja alilingana na wawili wa aina ya fini, au nundu wawili na nusu, au sei sita. Nahodha mwenye akili alifanya nini? Alimfukuza mkubwa kwanza, kwani chusa moja ilimpa mafuta mengi zaidi. Kipimo hicho kilidumu hadi 1972, wakati buluu wa Antaktika walikuwa wamebaki mia chache tu. Msimu wa 1930/31 peke yake, kabla Tume haijaundwa, walikuwa wameuawa takriban 29,000. Kwa aina zote, karne ya 20 iliua karibu nyangumi milioni 2.9.

Hata takwimu hizo zilichelewa kujulikana, maana Wasovieti walidanganya. Meli-kiwanda zao zilipeleka kwa Tume hesabu za kubuni, na nyangumi wapatao 180,000 hawakuandikwa popote. Siri ilifichuka mwaka 1993, Umoja wa Kisovieti ukiwa umeshavunjika, pale mwanasayansi Alexey Yablokov alipoanika mambo hadharani. Wenzake waliokuwa wakifanya kazi kwenye meli hizo walikuwa wameficha daftari halisi nyumbani. Mmoja alizihifadhi kwenye ghala lake la viazi.

Msomaji wa Muscat au Salalah asome hapa kwa makini. Katika daftari hizo imo safari ya mwaka 1966, meli za Kisovieti zilipoingia Bahari ya Arabu na kuua nyangumi nundu 242, baadhi yao karibu na pwani ya Oman. Nundu wa huko si kama wenzao. Kwingineko aina hii husafiri maelfu ya kilomita kati ya barafu na maji ya moto. Wa Oman hawahami, wanakula na kuzaa mahali pamoja mwaka mzima. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Safari moja, na nusu karne baadaye pengo halijazibika.

Je, wajua ni nani aliyewabana wawindaji? Wengi watataja Marekani au Uingereza. Zilikuwemo, lakini aliyeshika usukani alikuwa Shelisheli, visiwa vilivyopata uhuru mwaka 1976 vikiwa na watu wachache kuliko kata kadhaa za Dar es Salaam. Mwaka 1979 Shelisheli ilipendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi, ikapita. Ndiyo maana maji yanayoanzia Lamu na Pemba kwenda kusini hadi nyuzi 55 yamefungwa kwa wawindaji wa kibiashara tangu wakati huo. Kisha mwaka 1982, mjini Brighton, likaja pendekezo kubwa: kiwango cha uwindaji wa kibiashara kiwe sifuri kila mahali. Ndiyo 25, hapana 7, wasioegemea upande 5. Kenya, iliyojiunga mwaka mmoja kabla, na Oman zilikuwa upande wa ndiyo. Kanuni ilidai robo tatu ya kura, kwa hiyo wawili tu wangegeuka upande, marufuku isingepita. Sijui mfano bora wa kumwonyesha mtu anayedhani nchi ndogo huenda mikutanoni kula chakula cha mchana tu.

Somo hilo lilieleweka pande zote. Kama kura ya kisiwa kidogo ina uzito sawa na ya dola kubwa, basi tafuta kura. Mongolia ilijiunga mwaka 2002 na Mali mwaka 2004, nchi mbili ambazo hata wimbi hazina, zote zikiiunga mkono Japani, iliyotaka marufuku ifutwe. Tusicheke upande mmoja: Uswisi, Austria, Hungaria na Luxembourg nazo hazina bahari, na hupiga kura na watetezi. Japani ilishutumiwa kununua marafiki kwa misaada, ikakana. Hata hivyo mwaka 2001 ofisa wake wa uvuvi, Masayuki Komatsu, aliwaambia waandishi wa Australia kwamba misaada ni chombo cha kupata uungwaji mkono, na katika mahojiano hayohayo akamwita nyangumi aina ya minke mende wa baharini. Mwaka 2006, huko St Kitts, upande wa wawindaji ulishinda azimio kwa kura 33 dhidi ya 32. Shangwe zilikuwa kubwa, faida ndogo: kufuta marufuku kunahitaji robo tatu ileile.

Je, wajua Japani iliendelea kuwinda Antaktika kwa jina la sayansi? Kifungu cha 8 cha mkataba kinaruhusu kila nchi kutoa kibali cha utafiti, na kinataka mnyama akishauawa asipotezwe bure. Nyama ikaenda sokoni, kihalali kabisa. Australia ikaishtaki Japani kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 31 Machi 2014 majaji 12 dhidi ya 4 wakasema mpango ule haukuwa kwa madhumuni ya utafiti. Walibaini kuwa tangu 2005 minke wapatao 3,600 walikuwa wameuawa, na makala za kisayansi zilizopitiwa na wataalamu zilizotokana nao zilikuwa mbili.

Mwaka 2019 Japani ikajitoa kwenye Tume. Vyombo vya habari viliandika kama msiba, nami naona viliharakisha kulia. Tangu siku hiyo Japani inawinda kibiashara bila kujificha, ni kweli, ila katika maji yake tu. Antaktika imeachwa.

Wanaharakati je? Juni 1975 Greenpeace walijipenyeza kwa boti za mpira kati ya nyangumi na meli ya Kisovieti karibu na California. Chusa ikapita juu ya vichwa vyao, kamera zikiwa zinazunguka. Mmoja wao, Paul Watson, aliona kupiga picha hakutoshi. Mwaka 1977 akaanzisha Sea Shepherd. Mwaka 1986 watu wawili wa kundi hilo walifungua vali za meli mbili za uwindaji bandarini Reykjavik, zikazama zikiwa zimefungwa kamba. Hakuna aliyekufa. Julai 2024 Watson alikamatwa Greenland kwa hati ya Japani, akakaa mahabusu siku 149 hadi Denmark ilipokataa kumkabidhi. Denmark hiyohiyo ina Visiwa vya Faroe, ambako nyangumi wadogo huuawa ufukweni kila mwaka na Tume haina la kusema, kwani kazi yake ni nyangumi wakubwa.

Norway iliwasilisha pingamizi rasmi dhidi ya marufuku tangu mwanzo, kwa hiyo haiibani. Inasema minke wa Atlantiki ya Kaskazini ni zaidi ya 100,000 na yenyewe huua mia kadhaa kwa mwaka. Hoja hiyo si ya kutupwa, na watetezi wengi huikwepa kwa kurudi kwenye picha za damu. Kinachoidhoofisha ni historia: kila tasnia ya nyangumi iliwahi kusema wapo wengi. Wenyeji wa Alaska ni suala jingine, wao wana ruhusa ya kuwinda kwa chakula. Mwaka 2007 walimvua nyangumi aliyekuwa na kipande cha chusa ya miaka ya 1880 mwilini.

Kila mwaka, kuanzia Julai, nundu kutoka Antaktika hupita Watamu, Kizimkazi na Mafia kuja kuzaa. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Tume, kila moja ina kura moja kamili, na mikutano hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mwulize mbunge wako nchi yako ilipigaje mara ya mwisho.