Wakimbiaji wa Ukambani na Daftari la Mbio

Katika miaka hii michache majina ya Wakamba yametajwa sana katika habari za mbio za dunia, na watu wa Kibwezi, Makindu na Mtito Andei wanayo haki ya kufurahi. Lakini furaha peke yake haitoshi. Matokeo ya mashindano ni kama hesabu ya duka: ayasomaye kwa makini hujua palipo faida na palipo hasara, naye ayashangiliaye tu hubaki na makelele yake. Kwa hiyo yafaa tuyatazame matokeo hayo moja moja, kisha tuone vyama vya mbio vya huku nyumbani vyaweza kujifunza nini.

Tuanze na binti wa Makueni, Bi. Winfred Mutile Yavi. Mbio zake ni zile za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ambazo mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na shimo la maji mara 7. Mwezi wa Agosti mwaka 2023, katika mji wa Budapest, alipata ubingwa wa dunia kwa dakika 8 na sekunde 54.29. Tarehe 6 Agosti 2024 akapata nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Paris kwa dakika 8 na sekunde 52.76, naye Peruth Chemutai wa Uganda alimfuata kwa muda usiofika sekunde moja. Mwisho wa mwezi huo huo alikimbia mjini Roma kwa dakika 8 na sekunde 44.39. Rekodi ya dunia wakati ule, iliyowekwa na Beatrice Chepkoech wa Kenya mwaka 2018, ilikuwa dakika 8 na sekunde 44.32. Basi aliikosa rekodi kwa sehemu 7 tu katika sehemu 100 za sekunde moja. Hata kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko huo. Mwaka 2025, mjini Tokyo, alipata nishani ya fedha nyuma ya Faith Cherotich wa Kenya.

Wako watu wanaonung'unika kwamba nishani hizo hazikuhesabiwa kuwa za Kenya, maana Bi. Yavi hukimbia kwa jina la Bahrain, nchi ya Ghuba. Ni kweli. Lakini kumbukeni kwamba katika Olimpiki nchi moja haiwezi kuleta zaidi ya watu 3 katika mbio za aina moja kama hizi, na Kenya ina wakimbiaji hodari wengi kuliko nafasi hizo. Sababu za mtu kuhama ni zake mwenyewe, wala si kazi yetu kumhukumu. Linalotupasa sisi kulifikiri ni hili: kipaji huchukuliwa na yule akitambuaye mapema, na hakuna njia ya kukitambua kwa hakika ila kukipima.

Tutazame tena mbio za marathoni, ambazo urefu wake ni kilomita 42 na mita 195. Tarehe 21 Aprili 2024 Bw. Alexander Mutiso alishinda mjini London kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 1, akamwacha Kenenisa Bekele wa Ethiopia nyuma kwa sekunde 14. Tarehe 2 Novemba 2025, mjini New York, yeye na Mkenya mwenziwe Benson Kipruto walifika mwisho pamoja, wote wawili kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 9. Ushindi alipewa Kipruto kwa sehemu 3 katika sehemu 100 za sekunde. Fikirini: watu wawili wakimbie zaidi ya saa mbili, kisha wapitane kwa unene wa kifua!

Wala sifa hii si ngeni Ukambani. Mwaka 1983 Joseph Nzau alishinda marathoni ya Chicago kwa nusu ya sekunde tu. Mwaka 1984 Michael Musyoki alipata nishani ya shaba katika mita 10,000 za Olimpiki kule Los Angeles. Benson Masya, mtu wa Kitui, ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, mwaka 1992. Cosmas Ndeti alishinda Boston mara tatu mfululizo, miaka ya 1993, 1994 na 1995. Naye Patrick Makau, tarehe 25 Septemba 2011, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akipunguza sekunde 21 katika rekodi ya Haile Gebrselassie.

Sasa msomaji ajiulize: twawezaje kusema mambo haya kwa hakika? Ni kwa sababu njia ilipimwa, saa ilitazamwa, na jina likaandikwa. Pasipo kipimo hata mji mkubwa huaibika. Mwaka 1981 Alberto Salazar wa Marekani alisifiwa kwamba ameweka rekodi ya dunia katika marathoni ya New York. Njia ile ilipopimwa tena baadaye, ilionekana pungufu kwa kiasi cha mita 150, na rekodi ikapotea. Mkimbiaji hakuwa na kosa lolote. Mbio alizikimbia kwa nguvu zake zote, lakini jasho lake halikuhesabiwa.

Ikiwa hayo yalipata New York, je, mbio zinazokimbiwa kutoka sokoni hadi mtoni na kurudi? Kijana ashindapo mbio za namna hiyo hupewa shuka au mbuzi, watu humpigia vigelegele, na juma la pili hakuna ajuaye alikimbia mwendo gani wala kwa muda gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Miguu ya vijana wetu nayo ni mali.

Kupima njia si kazi ya gharama. Hata njia za marathoni za miji mikubwa hupimwa kwa baiskeli. Chukueni tepu ya chuma, mpime mita 100 katika barabara iliyonyoka. Kamba ya mkonge haifai, maana huvutika. Jazeni upepo magurudumu, tieni alama ya chokaa kwenye tairi la mbele, kisha endesheni baiskeli mita hizo 100 mkihesabu mizunguko. Tuseme mmepata mizunguko 45. Basi kilomita moja ni mizunguko 450. Kwa kila kilomita ongezeni mita moja, yaani kama nusu ya mzunguko, ili njia isije ikawa pungufu. Ndiyo kanuni ifuatwayo duniani kote.

Uwanja nao hauhitaji fedha nyingi. Watu wa mwethya, ambao wamechimba matuta mangapi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, hawawezi kushindwa kusafisha kiwanja cha mzunguko wa mita 400. Mizunguko 12 na nusu ni mita 5,000, na mizunguko 25 ni mita 10,000.

Jambo la tatu ni kuandika saa ya siku na hali ya hewa. Kibwezi iko kiasi cha mita 900 juu ya bahari, na jua lake twalijua sote. Iten, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wengi, iko kiasi cha mita 2,400, ambako hewa ni nyepesi na mwili uliokwisha kuizoea huongeza chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo kijana aliyekimbia Kibwezi saa nane mchana asilinganishwe ovyo na aliyekimbia alfajiri penye baridi. Muda wake usomwe pamoja na joto lake. Heri mashindano yaanze saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda.

Mwisho, katika daftari hilo majina ya wasichana yaandikwe sawasawa na ya wavulana. Nishani ya dhahabu ya Paris ililetwa na msichana wa Makueni, si na mvulana. Mzazi amwonaye binti yake akikimbia vizuri shuleni asidhani ni mchezo wa kupoteza wakati. Na aulize amekimbia mita ngapi, kwa dakika ngapi.

Basi shime, enyi viongozi wa vyama, walimu na makarani. Tepu moja, saa moja na daftari moja vyatosha kuanza. Huenda Kibwezi imekwisha kupata mkimbiaji wa kufuata nyayo za Mutile na Mutiso. Tumpime leo, tusije tukamjua kwa kusoma habari zake kutoka ng'ambo.