Kabla Utume Doh ya Kameramani, Muulize Kuhusu Tenti

Cheki peji ya mpiga picha yeyote wa harusi hapa Nai. Ni bustani ya Karen, nyasi imenyolewa fiti, jua la jioni limegonga gauni kwa mgongo, bibi harusi anacheka akiangalia kando ati hajui kuna kamera. Kila picha ni moto. Sasa weka harusi yako hapo kando yake. Kanisa ni la mabati huko Kayole, madirisha ni tudogo, na pale mbele kuna taa za zambarau zenye timu ya kusifu ilinunua Luthuli na hazizimwangi. Sherehe ni kwa uwanja wa shule, chini ya tenti ya kijani ya kukodi. Msee anaweza kuwa mnoma huko Karen na hapa kwenu akuchome laivu.

Hii maneno ya tenti si mchezo. Mwangaza ukipita kwa turubai ya rangi hubeba hiyo rangi na kuimwaga kwa sura za watu. Kijani, mathe anakaa ametoka wodi jana. Bluu, buda anakaa ameshikwa na baridi ya Limuru. Nyekundu, hadi pasta anashukiwa amepitia kwa baa. Kwa hivyo wakati kamati inabishana kama chapo zitakuwa mbili ama tatu kwa kila sahani, wewe pigania tenti nyeupe. Na ukikutana na kameramani, usianze na "bei ni ngapi". Anza na, "Ukipata tenti ya kijani unafanyanga aje?" Akikushow ati atanyoosha kila kitu kwa kompyuta, mnunulie chai muachane kwa amani. Mwenye ashawahi kuteswa na tenti atakwambia meza ya maharusi ivutwe hadi ukingoni, penye mwangaza wa nje unaingia. Atakwambia pia hawezi elekeza flashi yake kwa dari ya kijani, juu ikigonga hapo inarudi na kijani yake yote. Hilo swali moja linachuja wasee kushinda mapicha mia za Insta.

Halafu omba kuona harusi moja nzima. Usikubali zile thelathini kali zimeokotwa kwa harusi kumi. Unataka Jumamosi moja, kuanzia madem wakisukwa asubuhi hadi anko ameshikwa akidensi na chupa ya soda kichwani. Ukiipata, ruka zile pozi tamu, uende sehemu zenye hakuna mtu huposti. Ndani ya kanisa kulikuwa giza, picha zimetoka aje? Picha ya ukoo mzima, watu arobaini wamejipanga, wale wa nyuma wanaonekana sura ama ni ukungu tu? Bwana harusi mweusi tii, suti nyeusi, kando ya gauni jeupe pe: wote wawili wako? Hapo ndio mtihani. Kamera ikiachwa ijiamulie, ikiona weupe mwingi inadhani kumewaka kupita kiasi, inapunguza mwanga, gauni inageuka kijivu na chali anamezwa na suti yake. Msee anajua kazi hurekebisha hiyo kabla abonyeze, si wiki mbili baadaye akiwa kwa keja.

Na hapo kwa ngozi wacha niongeze. Kuna wasee huku nje wakianza kuediti hawajui kusimama. Shavu linalainishwa hadi halina hata alama moja, rangi inapandishwa, bibi harusi anatoka mweupe kushinda keki, na shosh akionyeshwa albamu anauliza huyu ni nani mmetuletea. Mwambie mapema na iandikwe: chunusi toa, rangi yangu wacha.

Swali lingine watu huogopa kuuliza ni nani haswa atabeba kamera hiyo siku. Agosti na Desemba harusi ni nyingi hadi kamati zinagongana. Jina kubwa linaweza shika harusi tatu Jumamosi moja, linatuma vijana, halafu lenyewe linaenda kwa yenye iko na doh. Sioni ubaya sana hapo, wengine wa hao vijana wamemshinda mdosi wao. Lakini zile picha zilikufanya umpigie simu, ni nani alizipiga? Uliza jina, na jina liingie kwa karatasi. Uliza pia kama watakuwa wawili. Kama dem anatengenezewa Kasarani na chali anavalia Rongai, mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili asubuhi ya Jumamosi, hata akibebwa na nduthi.

Bei sasa. Nai ziko za kila aina: kuna msee wa thao ishirini, kuna wa zaidi ya laki mbili, na wote wako na kazi. Unalipia masaa, idadi ya wasee, video, albamu, na zile siku atakaa akichambua maelfu ya mapicha kutafuta zile mia chache zenye macho yote yako wazi. Usimsumbue akupe picha zote mbichi. Hutawahi zifungua, na yeye hataki kazi yake itembee mtaani kabla haijaiva. Sumbua kuhusu idadi ya picha zenye ataediti na tarehe atazileta. "Zikiwa tayari" si tarehe.

Wengi huitisha nusu ya kushika siku na nusu kabla bibi harusi aingie kanisani. Mimi ningepigania vipande vitatu: ya kushika tarehe, ya wiki ya harusi, na kitu kibaki hadi mapicha zifike. Tuma kwa till yenye jina la biashara yake, na ile meseji ya M-Pesa usifute. Juu kuna wasee hukula doh halafu simu inaanza kulia mteja hapatikani. Ikifika hapo, jua kuna Korti ya Madai Madogo. Ilianzia Milimani 2021, inasikiza madai ya hadi milioni moja, sheria inaipa siku 60 imalize kesi, na si lazima uende na wakili. Ila korti haitasoma moyo wako. Itasoma mkataba, hata kama ni karatasi moja mlisaini mkinywa chai.

Kwa huo mkataba kuna mstari mmoja watu hurukanga. Wengi hudhani picha ni za kameramani juu kamera ni yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya 2001, imekaa vingine: ukimwagiza mtu kazi na hujamwajiri, hakimiliki inahesabiwa imekuja kwako, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Mchezo wote uko hapo kwa "isipokuwa". Mikataba kibao ya wapiga picha iko na sentensi ya kuirudisha kwake. Huo si wizi, msee anataka kujitangaza. Lakini uisome ukiwa na akili zako, ujue kama sura yako itaishia kwa bango lake la matangazo, na kama unataka, umwambie akupunguzie bei juu ya hiyo.

Sura nayo iko na sheria yake, ile ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data aliambia klabu moja hapa Nai ilipe milioni 1.85 juu iliposti picha ya mteja bila kumuuliza. Kwa hivyo kama hutaki harusi yako Insta, sema, na iandikwe. Ukienda Mombasa wanaelewa hii maneno kutushinda. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko nje, na msee wa kiume na kamera yake wanabaki kwa geti. Mpiga picha ni mwanamke, simu za wageni mara nyingi zinawekwa mbali, na mazungumzo na yeye huanza na nani ataziona hizo picha. Bei ni baadaye.

Turudi Nai, tuongee masaa, juu hapa ndio harusi zetu hukufia. Ibada inaisha saa saba. Jua limekaa juu ya utosi, si tuko karibu na ikweta, macho ya kila mtu yamegeuka mashimo mawili meusi. Hiyo ndiyo saa maharusi wanabebwa wapelekwe kwa miti, mbio za pozi zinaanza, na huku nyuma wageni mia tatu wamekaa kwa tenti wakinusa pilau yenye wameambiwa haiguswi hadi maharusi wafike. MC amemaliza jokes zake zote. Anko mwenye alitoka ushago saa kumi alfajiri ameanza kuuliza stage iko wapi. Kuna watu huenda nyumbani bila kuona keki.

Mimi nasema pindueni. Picha za familia zipigwe hapo kanisani, kwa kivuli, dakika thelathini, mwende mkule na watu wenu. Halafu saa kumi na moja ikipita, wakati watu wameshiba na mahewa imeshika, kameramani awachomoe nyinyi wawili kwa dakika ishirini na tano. Nairobi jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika kumi hivi mwaka mzima, kwa hivyo hiyo saa nzuri iko Januari na iko Julai. Ule mwangaza wa Karen ulikuwa unaonea wivu unapatikana hata nyuma ya shule ya msingi, kando ya ukuta wa mawe. Kama lazima mwende Karura ama Arboretum, pigeni simu mapema muulize ada ya picha za harusi, msije mkakwama kwa geti na gauni. Na Novemba mvua ni ya kila mtu, uliza msee wako mpango wake ni gani maji yakishuka.

Ile list ya picha za familia, iandike wewe, na iwe fupi. Usimpe kameramani aite watu, hajui ni nani ni nani. Mpe yule anti mwenye sauti, kila ukoo uko naye, yule akisema "upande wa mama wote!" hata ng'ombe wanageuka. Kameramani mpe siri tu: nani haongei na nani, shosh yupi hawezi simama sana, na kama buda ako na bibi wawili, ni yupi anasimama wapi. Akijua hiyo mapema atawaokoa na vita.

Kama kuna ngurario ya Wakikuyu, hakikisha msee anaijua. Kuna pahali dem anafichwa katikati ya wamama wamefunikwa maleso, wote wanafanana, na chali anafaa kumchagua wake. Akipatia, ile furaha kwa sura yake inakaa kama sekunde mbili tu. Baadaye kuna kukata kiande, lile bega la mbuzi. Mpiga picha hajawahi ona ngurario utampata amesimama nyuma ya maanti wakati chali anatabasamu. Ayie ya Waluo na koito ya Wakalenjin ziko na dakika zao pia. Kama hazijui, mkalishe na mtu wa kwenu mzee amweleze hatua kwa hatua. Na kanisani atangulie kuongea na padre ama pasta. Kuna padre hataki flashi wakati wa misa na hataki mtu avuke karibu na altare, na ni afadhali mjue hiyo Alhamisi kuliko mbele ya watu.

Droni? Watu wanaipenda, na enyewe gauni ikionekana kutoka juu ni kitu safi. Lakini tangu kanuni za 2020, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, inataka droni iwe imesajiliwa na mwenye kuirusha awe na kibali. Bustani nyingi za harusi ziko Karen na Lang'ata, na Wilson Airport iko hapo tu, ndege zinapita chini. Akuonyeshe makaratasi. Akisema "hiyo si shida, tutairusha chapchap", hiyo ni shida.

Dishi: waweke wasee wa kamera kwa hesabu ya kateringi, wakule wakati nyinyi mnakula. Hakuna mtu anataka picha akitafuna, na wamesimama tangu asubuhi.

Imebaki kazo. Kila kamati iko na huyu mtu. Amenunua kamera juzi, amepiga besidei mbili na ubatizo, na kuna anti atasimama kwa mkutano aseme, "Si huyu kijana atufanyie bure, hizo pesa tuongeze kwa nyama?" Kazo anaweza kuwa na macho mazuri, sikatai. Lakini kazo pia ni mgeni: ataitwa abebe viti, aendee fundi wa jenereta, apige picha na shosh, na wakati mnavalishana pete yeye ako parking anaelekeza mathree ya wageni. Na mapicha zikichelewa miezi saba, utampeleka Milimani mtoto wa anko? Mpe siku ya kupeleka barua ya kwanza ya mahari, pale watu ni wachache. Siku ya harusi abebe kamera akitaka, akae nyuma ya wasee wamelipwa, aokote vichekesho vya watoto na wamama jikoni, vitu wao hawatafikia. Anti naye mjibu kabla nyama haijapigiwa kura: "Anti, tumeshatuma dipoziti, na hairudishwi."