Hesabu za Faida na za Sanduku la Sambaza: Pahali Tulipokosea



Kazi ya nyumbani ya juma lililopita ilirudi ikiwa nyekundu. Wengi walipata chini ya nusu, na sisi tunaoandika ukurasa huu hatukupona. Basi tulibaki darasani mangaribi mbili, tukaifanya upya ubaoni pole pole. Tukaona ya kwamba kuzidisha tunajua, na kugawanya tunajua. Ubaya ni kwamba tulikimbilia formula mbele ya kuuliza: hiki kitu chenyewe ni nini?

Hesabu ya kwanza ilisema hivi: Mama mmoja wa Kadutu anakopa dola 240 kwa faida ya 15 kwa mia kwa mwaka. Atarudisha kisha miezi 8. Faida ni ngapi?

Karibu sisi wote tuliandika 240 × 15 × 8 : 100 = 288. Tukapiga mstari chini ya jibu, tukaenda kulala. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa ya kwamba faida ya miezi 8 inapita deni lenyewe! Formula ile yenye 100 ni ya miaka. Tulipoweka 8 ndani yake, yule mama tulimpa miaka 8.

Kwa miezi tunapashwa kugawanya kwa 1 200, kwa sababu 100 mara miezi 12 ni 1 200. Basi: 240 × 15 × 8 : 1 200 = dola 24. Kwa siku tunagawanya kwa 36 000. Wengi wanauliza 36 000 inatoka wapi. Ni 100 mara 360, kwani katika hesabu hizi za biashara mwaka unahesabiwa kuwa na siku 360, kila mwezi siku 30. Yule asiyeamini ajaribu muda mmoja kwa njia mbili. Siku 90: 240 × 15 × 90 : 36 000 = dola 9. Miezi 3: 240 × 15 × 3 : 1 200 = dola 9. Ukielewa hivyo, hapana lazima kushika formula tatu kichwani, moja inatosha.

(Kitabu tulichoazima kina hesabu za zaire na makuta. Zaire ilianza mwaka 1967, na franga ya Kongo ikashika pahali pake mwaka 1998. Pesa ilikufa, formula ingali hai.)

Sasa kuna habari ambayo dada mmoja wa darasa letu alituruhusu kuandika bila jina lake. Mama yake anauza sokoni. Alikopa dola 100 kwa banque Lambert, ndiyo ginsi tunavyoita hapa Kongo watu wanaokopesha makuta bila ofisi. Masharti: 20 kwa mia. Dada yetu alitaka kumuonyesha mama ginsi anavyojua hesabu. Akaandika 100 × 20 × 3 : 1 200, akapata dola 5 kwa miezi 3. Mama akamwangalia tu, akasema: «Mwanangu, dola tano? Mimi kila mwezi ninatoa makumi mbili.»

Formula haikudanganya. Ile 20 ilikuwa ya mwezi, na formula inataka ya mwaka. 20 kwa mwezi ni 240 kwa mia kwa mwaka! Ukiandika 100 × 240 × 3 : 1 200 unapata dola 60, na hiyo ndiyo kweli ya mama.

Kisha walifungua daftari la mama pamoja. Kwa miezi 5 alilipa dola 20 kila mwezi bila kukosa. Jumla dola 100. Na deni? Lingali dola 100, kwa sababu yote aliyolipa ilikuwa faida, hata franga moja haikugusa kapitali. Mama alikuwa anafikiri yuko karibu kumaliza. Dada yetu anasema usiku ule hawakula vizuri.

Na kama asingelipa? Hapo ni vibaya zaidi, maana faida isiyolipwa inaingia ndani ya deni na yenyewe inaanza kuzaa. Mwezi wa kwanza 120, wa pili 144, wa tatu 172,80. Hii si ile faida rahisi ya darasa letu, ambayo ingesimama kwenye 160. Mwalimu anasema tutaisoma mbele.

Mama aliomba kulipa kila mwezi faida pamoja na 20 ya kapitali, na mkopeshaji akakubali. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, ikamsaidia. Mwezi wa kwanza: 20 faida, 20 kapitali, deni 80. Mwezi wa pili faida ni 16. Alitoa 36, deni 60. Mwezi wa tatu faida 12. Alitoa 32, deni 40. Tunapoandika hapa ndipo alipofika.

Turudi kwa hesabu ya pili, ile ya sanduku la sambaza lisilo na kifuniko: urefu 80 cm, upana 50 cm, kimo 40 cm. Bati ngapi?

Wengi walihesabu pande sita. Lakini kifuniko hakiko! Chini: 80 × 50 = 4 000. Pande ndefu mbili: 80 × 40 × 2 = 6 400. Pande fupi mbili: 50 × 40 × 2 = 4 000. Jumla 14 400 cm². Kisha kukaja kosa lingine: kugawanya kwa 100 na kuandika 144 m². Ndugu, 144 m² ni kiwanja cha mita 12 kwa 12, unaweza kujenga nyumba! Mita mraba moja ina 100 × 100, yaani 10 000 cm². Jibu ni 1,44 m².

Tulimpelekea fundi mmoja wa manjanja jibu letu. Bati lake laini lina mita 2 kwa 1, yaani 2 m². Tukasema linatosha na linabaki. Akacheka. Ukilifungua sanduku likiwa kipande kimoja, kama msalaba, linataka 160 kwa 130, na bati lina upana wa 100 tu. Lazima kukata vipande. Tulivichora kwenye karatasi: chini na upande mrefu mmoja, 50 na 40, vinashika kimo cha 90, pembeni yake upande mrefu wa pili, na chini yake zile fupi mbili zimesimama, 40 na 40. Vyote vinaingia ndani ya 160 kwa 90, bila hata tundu katikati. Fundi alikubali, lakini akaomba sentimita moja ya mkunjo kila pahali pa kuunga. Hiyo mwalimu hakutuuliza.

Kwa juma lijalo: pipa la maji ya mvua, bila kifuniko, kipenyo 60 cm, kimo 90 cm. Bati ngapi? Leteni majibu siku ya kwanza, kisha ibada ya asubuhi.