Dharau ya kila siku dhidi ya wazee hupimwaje?

Makanga wa matatu kule Likoni anapomwamkia ajuza "shikamoo", kisha akawapakia vijana kwanza kwa kuwa bibi huyo "atachelewesha gari", je, amemheshimu au amembagua?

Swali hilo laonekana dogo, lakini ndilo linalowatatiza wanaojaribu kupima ubaguzi wa umri. Mauaji huingia katika vitabu vya polisi. Dharau ya kila siku haiandikwi popote.

Kipimo kinachotumiwa sana kilibuniwa Marekani na Profesa David Williams na wenzake, na kuchapishwa mwaka wa 1997. Kina maswali tisa. Mhojiwa huulizwa ni mara ngapi watu humkosea adabu, humhudumia vibaya dukani, humwona mjinga, humshuku kuwa si mwaminifu au huonekana kumwogopa. Majibu huanzia "karibu kila siku" hadi "kamwe". Baadaye ndipo huulizwa adhaniavyo sababu ni nini: rangi, jinsia, umri au jambo jingine.

Kilikusudiwa hasa ubaguzi wa rangi, lakini tangu mwaka wa 2006 baadhi ya maswali hayo yametumiwa katika uchunguzi mkubwa wa afya ya wazee nchini humo. Hata Japani, yenye sikukuu ya kitaifa ya kuwaenzi wazee kila Septemba, watafiti wameona haja ya kupima jambo hili.

Hata hivyo, kipimo hicho hakiwezi kuhamishwa vivi hivi hadi Kisauni au Changamwe. Tuanze na lugha. "Mzee" ni cheo, "kizee" ni tusi, na tofauti yake ni silabi moja tu. Tena shikamoo haikosekani midomoni, hata kwa yule anayemsukuma babu kando kwenye foleni ya feri. Ukiuliza kuhusu heshima kwa jumla, utajibiwa kwamba ipo.

Lililo zito zaidi ni swali la kuogopwa. Penginepo ni swali la kawaida tu. Katika kaunti za Kilifi na Kwale, ambako familia nyingi za Kisauni na Likoni zina jamaa, wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo huwa kuna ugomvi wa ardhi. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa kimbilio la waliotoroka makwao. Mwenye mvi akisema watu humwogopa karibu kila siku, huenda halalamikii adabu. Huenda anaeleza hatari inayomkabili.

Katiba ya mwaka wa 2010 inakataza ubaguzi wa umri katika kifungu cha 27, na kifungu cha 57 kinawapa waliotimiza miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Ila mzee hawezi kudai haki hiyo akihojiwa sebuleni huku mwanawe ameketi kando. Aibu humfunga kinywa, au pengine hofu. Kwa hiyo mahojiano yafaa kufanywa faraghani, ikiwezekana na mtu wa rika lake.

Jambo jingine halimo kabisa katika maswali hayo tisa: hayaulizi kama anayemwogopa mzee ni jirani, au ni mtoto wake mwenyewe.